Wageni wakijaa nyumbani, nani anamtazama mtoto?

MSIMU wa Krismasi unapowadia, nyumba nyingi za mijini hubadilika kwa muda wa siku mbili tatu tu. Nyumba iliyozoea watu wanne hulaza kumi na wawili. Shangazi huwasili kutoka Kakamega na kuku wawili kikapuni, nyanya hushuka basi la usiku kutoka Kisii, binamu huja na watoto wao watatu, na kufikia jioni ya Desemba 24 sebule haina mahali pa kukanyaga. Magodoro yameegemezwa ukutani, sufuria kubwa imeazimwa kwa jirani, na watoto wanakimbizana kutoka mlangoni hadi chumba cha kulala na kurudi tena.

Hakuna anayetaka kuharibu furaha kama hiyo kwa mazungumzo ya hospitali. Hata hivyo, mzazi mwenye mtoto wa chini ya umri wa miaka mitano yafaa ajue jambo moja ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Nyumba iliyojaa watu wazima si lazima iwe na mtu anayemtazama mtoto. Mara nyingi huwa haina hata mmoja.

Sababu yake ni rahisi. Siku za kawaida, mama au yaya anajua kwamba mtoto ni jukumu lake. Akienda msalani humwita, au hufunga mlango wa jikoni kwanza. Wageni wakija, mama huingia jikoni asitoke, baba huwa nje na shemeji zake wakizungumzia bei ya mahindi, na kila aliyeketi sebuleni hudhani kwamba mtoto anatazamwa na mwenzake. Isitoshe, yaya naye ana kwao. Aghalabu hupewa ruhusa wiki ya tatu ya Desemba, na ndivyo inavyostahili. Lakini yeye ndiye aliyejua kwamba mtoto huyu hupenda kupanda stuli, au kwamba tangu juzi amejifunza kufungua kabati ya chini. Anaondoka na habari hizo siku ile ile nyumba inapojaa.

Nililiona hili nyumbani kwetu, Krismasi ya mwaka wa 2016. Tulikuwa watu wazima tisa katika sebule moja, mmoja wetu akiwa muuguzi mstaafu. Chai ilikuwa imemiminwa vikombeni na mpwa wangu, wa umri wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa akiizunguka meza huku akijishikilia kwa kitambaa chake. Akakivuta. Kikombe kimoja kilimmwagikia kifuani na mkononi. Mama yake alipotoka jikoni mbio, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa na mtoto?" Tukaangaliana. Hakuna aliyekuwa naye. Kisha mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine akaitisha yai, wa tatu akasema unga ndio bora. Yule muuguzi aliwasukuma wote kando, akambeba mtoto hadi kwenye mfereji wa bafuni. Kovu aliloachiwa ni dogo, na nina hakika ni kwa sababu ya maji yale.

Chai ya mgeni

Kumkaribisha mgeni bila chai ni jambo lisilofikirika, wala silipendekezi. Ila yafaa tukumbuke kwamba ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yetu. Chai ya maziwa iliyotoka jikoni sasa hivi humuunguza vibaya kwa muda mfupi mno, na hata ikikaa kikombeni dakika kumi au kumi na tano bado yaweza kumbabua. Mtu mzima anayesema "imepoa" anapima kwa midomo yake, midomo iliyozoea chai ya moto kwa miaka arobaini. Tena mtoto anayevuta kitu kutoka juu hukiangusha usoni, shingoni na kifuani, mahali ambapo kovu likikauka huvuta ngozi kadiri anavyokua.

Basi ondoa kitambaa cha meza hadi wageni waende zao, hata kama ni kile kizuri kilichofumwa na mama mkwe. Chupa ya chai ikae mahali pa juu, na aliye na mtoto mapajani asipewe kikombe hadi amkabidhi mwingine. Usipitishe chai juu ya vichwa vya watoto walioketi mkekani. Kwenye jiko, geuza mishikio ya sufuria ielekee ukutani, na kama mnapika kwa jiko la makaa chini sakafuni au uani, wekeni kizuizi cha viti au mabenchi kati yake na watoto.

Mtoto akiungua, mvue nguo iliyolowa haraka, isipokuwa kama imegandamana na ngozi. Mvue pia bangili na shanga kabla hajavimba. Kisha mwagilia mahali palipoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hivyo angalia saa. Barafu haifai. Mfereji ukiwa mkavu, kama ilivyo kawaida ya mitaa mingi, chukua maji ya mtungi uyamimine polepole kwa jagi. Sehemu nyingine za mwili zifunike ili asipatwe na baridi. Ukimaliza, funika jeraha kwa kitambaa safi na usitumbue malengelenge.

Dawa ya meno, siagi, yai na unga havizimi moto wowote. Huuzuia joto kutoka, hukaribisha viini, na daktari hulazimika kuvikwangua kabla hajaona ukubwa wa jeraha, jambo linalomwongezea mtoto maumivu. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kikiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au penye viungo vya kukunja, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja apelekwe hata kama kidonda ni kidogo.

Chupa iliyo chini ya sinki

Wengi wetu hununua sabuni ya maji na dawa ya kung'arisha nguo kwa wachuuzi, na wachuuzi hupima kwa chupa kuukuu za soda na za maji. Wanaotumia stovu hununua mafuta taa kwa njia iyo hiyo. Mtoto wa nyumba hiyo huenda ameshachapwa kidole na kuambiwa chupa ile si ya kuguswa. Mtoto mgeni hajaambiwa. Kwao labda chupa kama hiyo huwa na soda kweli, na leo ni Krismasi, soda zimejaa kila mahali, naye ana kiu.

Hamisheni chupa hizo kabla wageni hawajafika. Zikae juu, au ndani ya kabati yenye kufuli, na ikiwezekana zisiwe chupa za vinywaji kabisa.

Mtoto akinywa mafuta taa, jambo la kwanza ambalo jamaa hufikiria ni kumtapisha, au kumpa maziwa "yayeyushe sumu". Yote mawili ni makosa. Mafuta taa hayadhuru sana tumboni kama yanavyodhuru mapafuni. Yanapopanda tena kooni kwa kutapika, kiasi kidogo tu kikiteleza kuingia kwenye mapafu huleta nimonia mbaya. Maziwa nayo humjaza tumbo akatapika mwenyewe. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitalini. Hata kama anaonekana mzima, daktari atataka kumtazama kwa saa kadhaa kwa sababu kikohozi na kupumua kwa haraka huenda kukaanza baadaye. Kwa dawa kali za kusafishia pia, usimtapishe. Zilizopita kooni zikachoma zitachoma tena zikirudi. Mpanguse mdomo, beba chupa yenyewe uende nayo ili daktari ajue ni nini.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wazazi wetu hawakuhitaji kukijua. Ni zile betri za mviringo zinazofanana na sarafu, ambazo siku hizi hupatikana katika vitu vya kuchezea vinavyoimba na katika taa ndogo za mapambo. Ikikwama kooni, betri ya namna hiyo huweza kuchoma koo la chakula kwa muda wa saa mbili. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, nenda hospitalini usingoje itoke.

Mkoba wa nyanya

Nyanya anayeishi peke yake mashambani huweka tembe zake mkobani, na hakuna ubaya, kwa kuwa kwake hamna mtoto wa kupekua. Akija mjini mkoba huo hukaa karibu na miguu yake, kwenye sakafu, na ndani mna peremende za wajukuu pamoja na tembe za presha na za kisukari. Watoto wameshaonyeshwa kwamba peremende hutoka humo. Mnangoja nini?

Tembe moja tu ya baadhi ya dawa za kushusha sukari yaweza kumtia mtoto wa miaka miwili katika hatari ya kufa. Sukari mwilini hushuka, huanza kutoka jasho, husinzia, na yaweza kufikia kifafa. Hatari zaidi ni kwamba dalili zinaweza kukawia saa nyingi, kwa hivyo mtoto aliyemeza asiachwe alale eti "atazamwe hadi asubuhi". Tembe za presha ni vivyo hivyo, na tembe za madini ya chuma wanazopewa akina mama wajawazito, ambazo nyingi zimepakwa rangi ya kuvutia, zimeshadanganya watoto wengi kwamba ni tamutamu.

Sasa utamwambiaje nyanya habari ya mkoba wake bila kumkosea heshima? Desturi yenyewe imetupa njia. Mgeni akifika hupokewa mzigo mlangoni. Pokea mkoba pia, umwambie, "Nyanya, nakuwekea huu juu ya kabati, wajukuu wako hawa wana mikono mirefu. Ukiuhitaji niite." Sijaona nyanya aliyekasirika kwa maneno hayo. Wengi hucheka. Kinachowaudhi ni kuona mwana au mkazamwana akiuchukua mkoba kimyakimya baadaye, kana kwamba wao ndio watoto.

Mwenye leso ndiye mwenye mtoto

Dawa ya tatizo lenyewe ni kuifanya kazi ya kumtazama mtoto iwe kazi inayojulikana, kama ilivyo kazi ya kupika pilau au kukata sukumawiki. Mtu mmoja, kwa jina, kwa muda unaojulikana. Nusu saa inatosha, kisha anapokezwa mwingine. Kuna jamaa ninaowafahamu ambao hutumia leso. Aliye zamu huivaa begani, na hawezi kuketi kucheza karata wala kuingia bafuni hadi ameivua akamvisha mwenzake na kumwambia, "Wako ni wanne, mdogo yuko chini ya meza." Wanaume nao huvaa. Mwaka wa kwanza walichekwa na majirani.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kumwachia kazi hii msichana wa miaka tisa kwa sababu "amekomaa". Anaweza kusaidia, lakini mtu wa kuulizwa awe mtu mzima. La pili ni kumpa leso mjomba aliyekwisha kufungua chupa ya tatu.

Aliye zamu pia aangalie njugu karanga na peremende ngumu zilizoachwa kwenye visahani. Mtoto wa chini ya miaka mitano hukabwa nazo kwa urahisi, hasa akizila akikimbia au akicheka. Baluni iliyopasuka iokotwe vipande vyote mara moja.

Pilau ya jana

Chakula cha sherehe hupikwa kingi kwa makusudi, na wali uliobaki huachwa ndani ya sufuria hadi kesho yake. Tatizo ni kwamba kuna viini ambavyo mbegu zake hustahimili kupikwa, na wali ukikaa katika uvuguvugu huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto vizuri. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kabla ya kukiweka kwenye friji kigawe katika bakuli ndogo, kwani sufuria kubwa hukaa na joto katikati kwa muda mrefu. Nyumba isiyo na friji heri ipike kidogo, mara mbili. Najua itasemwa kwamba mwenyeji ni mchoyo.

Mtoto akianza kuhara, kinachoua ni kuishiwa na maji mwilini. Nunua pakiti za ORS mapema, kabla maduka ya dawa hayajafungwa siku ya Krismasi, na uzichanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa kuliko huyo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika ngoja dakika kumi uendelee polepole. Ukikosa pakiti kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitafaa hadi uipate. Kituo cha afya kitampa pia tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Amalize hata akipona. Aendelee kunyonya na kula. Macho yakibonyea, akilia bila machozi, akilegea, akikataa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usikae nyumbani.

Kitoto kichanga na usiku

Kitoto cha wiki tatu hupitishwa mikononi mwa jamaa wote na kubusiwa na kila mmoja. Mafua ya mtu mzima ni usumbufu tu, bali kwa mtoto mchanga yaweza kuwa ugonjwa wa mapafu. Aliye na kikohozi amwone kwa mbali, wengine wanawe mikono, na busu liwe la miguuni. Mama aliyejifungua juzi huona haya kusema hivyo kwa wakwe, kwa hivyo baba ndiye aseme. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa, hiyo ni safari ya hospitali hata usiku wa manane.

Usiku watu wakilala wamejazana, jiko la makaa lisiingizwe ndani ati kupasha chumba joto, hasa sehemu za baridi kama Limuru na Nyandarua. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Na siku ya kuondoka, wakati kila mtu anaagana na gari linarudi nyuma, mwenye leso awe amewashika watoto wote mkononi kabla dereva hajawasha injini.

Homa ya Januari

Jamaa wengine hawapokei wageni bali huenda mashambani wao wenyewe. Mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga yoyote ya malaria, tofauti na binamu zake wa Siaya, Busia au Kilifi ambao wameshaumwa mara kadhaa. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa humu nchini mwaka wa 2019 ilielekezwa kwa kaunti za magharibi zenye ugonjwa mwingi, na hata huko haikuondoa haja ya chandarua. Bebeni chandarua chenu, kwani kwa wenyeji hakitatosha wote. Bebeni pia kijitabu cha kliniki cha mtoto.

Malaria huanza kujitokeza siku saba au zaidi baada ya mtoto kuumwa na mbu. Aliyeumwa siku za mwisho wa likizo ataonyesha homa wakati shule zimeshafunguliwa, na mzazi atadhani ni mafua ya darasani. Hali kadhalika, mtoto aliyekuja mjini kutoka eneo la ziwa akipata homa, wenyeji husema ni baridi ya Nairobi. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Nyanya huenda akapendekeza klorokwini, kwa kuwa ndiyo aliyowalea nayo ninyi nyote, lakini Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998 baada ya vijidudu kuizoea. Na daktari wa mjini asipouliza, mwambie mwenyewe mtoto alilala wapi, na tangu tarehe gani hadi gani.